Draiva ya FUSE: fsync inarudisha 0, lakini seva ikizimika faili linakutwa tupu

Karani_wa_Mizani (Masasi)

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa draiva.

Mfumo uko hivi. Ghalani kuna kompyuta mbili za mizani, Debian 12. Karani akimaliza kupima korosho za mkulima, programu inaandika faili moja la baiti 2,048 (namba ya mkulima, chama cha msingi, daraja, uzito), inaita fsync (amri ya kulazimisha data ishuke diskini kabla ya kuendelea), inabadilisha jina kutoka .tmp kwenda jina la kudumu, kisha inachapa stakabadhi. Folda yenyewe iko kwenye seva Mtwara mjini. Inaunganishwa kwa draiva iliyoandikwa hapa hapa kwa C na libfuse 3 (maktaba ya FUSE, inayowezesha programu ya kawaida kuwa mfumo wa mafaili), na upande wa seva kuna daimoni (programu inayofanya kazi nyuma ya pazia) inayosikiliza TCP. Ping ni milisekunde 35 hadi 40. Diski ya seva ina mfumo wa mafaili wa ext4.

Kasoro: umeme wa seva ukikatika ghafla, ikiwaka tena mafaili ya mwisho yapo kwa majina yake kamili lakini ukubwa ni 0. Yaliyoandikwa zaidi ya nusu dakika kabla ya kuzimika ni mazima. Kwenye mizani hakuna kosa lolote lililoonekana, fsync imerudisha 0 na mkulima ameondoka na stakabadhi yake. Nianze kutafuta wapi: draiva, daimoni au diski?

Shangani_Kerneli (Mtwara)

Mkuu, pima muda kwanza kabla hujafungua msimbo.

`strace -f -T -e trace=openat,write,fsync,rename,close -p $(pidof mizani)`

strace huonyesha kila ombi la programu kwa kerneli (kiini cha mfumo wa Linux), na hiyo -T inaandika mwisho wa kila mstari muda uliotumika. Ping yako ni milisekunde 35. fsync ya kweli lazima ifike Mtwara, isubiri diski, irudi Masasi, kwa hiyo haiwezi kuwa chini ya 35. Weka matokeo hapa.

Karani_wa_Mizani

Haya hapa, faili moja tu:

`openat(AT_FDCWD, "/mnt/ghala/k-0417.tmp", O_WRONLY|O_CREAT|O_EXCL, 0640) = 7 <0.041208>`
`write(7, ..., 2048) = 2048 <0.000093>`
`fsync(7) = 0 <0.000038>`
`close(7) = 0 <0.000051>`
`rename("/mnt/ghala/k-0417.tmp", "/mnt/ghala/k-0417") = 0 <0.039377>`

Shangani_Kerneli

Jibu limeshapatikana. fsync imechukua mikrosekunde 38. Hiyo haijatoka hata nje ya kompyuta ya mizani. openat na rename zimekwenda Mtwara na kurudi, zinaonekana kwa muda wake. fsync na close hazikwenda popote.

Fungua `struct fuse_operations` (orodha ya kazi za draiva) uniambie kama kuna mstari wa `.fsync`. Nadhani haupo. Usipoiandika hiyo kazi, libfuse humjibu kerneli ENOSYS ("sina kazi hiyo"), na kerneli huichukulia ENOSYS ya fsync kuwa ni mafanikio: programu inapewa 0, na kuanzia hapo kerneli haiulizi tena mpaka folda itolewe kwa umount. Ndiyo maana hakuna kosa hata moja kwenye kumbukumbu za mfumo. `.fsyncdir` na `.flush` nazo ziko hivyo hivyo.

Karani_wa_Mizani

Ni kweli, haipo. Kuna `.write` inayojaza bafa (hifadhi ya muda kwenye kumbukumbu) ya KB 128, na `.release` inayotuma kilichobaki kwenye bafa. `.flush` pia haipo.

Binti_Mikindani (Mtwara)

Basi hapo kuna makosa mawili yaliyopandana, na ni vizuri uyatenganishe kabla hujaanza kurekebisha.

La kwanza ni hiyo `.release`. Kerneli huita release baada ya mshiko wa mwisho wa faili kufungwa, haisubiri imalize, na kosa lake halimfikii mtu yeyote. Faili lako ni baiti 2,048, bafa ni KB 128, kwa hiyo bafa haijai kamwe, na data yote inasubiri release. Sasa tazama mstari wa rename: programu inaiita mara tu close inaporudi. Kwa hiyo rename inaweza kufika Mtwara KABLA ya data. Kwa muda fulani seva ina k-0417 kwa jina la kudumu, ndani hamna kitu. Umeme ukikatika hapo, au mtandao tu ukikatika hapo, ndivyo litakavyobaki.

La pili liko upande wa seva, nalo ndilo linaloeleza ile nusu dakika yako. Daimoni inaita write() halafu inajibu "tayari", wakati data iko kwenye kashe (kumbukumbu ya muda) ya kerneli ya seva. Kerneli huanza kuishusha diskini ikishakaa sekunde 30 (vm.dirty_expire_centisecs ni 3000 kwa kawaida). Lakini ext4 huandika jarida lake (daftari la mabadiliko ya majina na ukubwa) kila sekunde 5, na jina la faili linaingia humo. Nafasi ya data haitengwi mpaka data yenyewe ishuke, kwa hiyo ukubwa unabaki 0 kwenye jarida. Ukizima kati ya sekunde ya 5 na ya 30 unapata sawasawa unachokiona: jina lipo, ukubwa 0. ext4 ina kinga kidogo unapobadilisha jina kwenda juu ya faili lililokwishakuwepo, ila wewe k-0417 ni jina jipya, kinga hiyo haikuhusu.

Kwa hiyo:
- `.flush` itume bafa yote, isubiri majibu, irudishe kosa. Thamani inayorudishwa na flush ndiyo close() inayompa mwenye programu. Jua tu kwamba flush huitwa kila close inapoitwa, hata kwenye nakala ya dup, kwa hiyo huweza kuja zaidi ya mara moja kwa faili moja.
- `.fsync` ifanye yote ya flush, halafu imwambie daimoni aite fsync kwenye faili lake, isubiri.
- `.release` iachie kumbukumbu tu. Isitume data yoyote.

Nachingwea_Data (Lindi)

Kwa nini msifungue faili kwa O_SYNC (kila write isubiri diski) upande wa seva na kila write ya draiva isubiri? Mistari mitatu tu, tatizo limekwisha.

Binti_Mikindani

Kaka, kwa faili la mizani ni sawa kabisa, lina write moja. Kitakachoumia ni ripoti ya siku inayoandikwa mstari kwa mstari. Mistari 200, kila mmoja unasubiri safari nzima pamoja na diski, tuseme milisekunde 45: sekunde 9 kwa faili ambalo lingetumwa lote kwa pamoja na kusubiriwa mara moja. Na siku faiba ikilegea, ping ikapanda hadi 200, hizo 9 zinazidi 40.

NFS (mfumo wa kushirikisha mafaili mtandaoni) toleo la 2 ilifanya kazi kwa mtindo huo, kila WRITE ishuke diskini kabla ya jibu. Toleo la 3, RFC 1813 ya mwaka 1995, ndilo lililotenganisha mambo: WRITE inaweza kujibiwa ikiwa bado kwenye kashe, na kuna COMMIT ya kusema "sasa shusha yote". Ukiiga mpangilio huo hutajuta.

Ndanda_Seva (Masasi)

Niongezee kwa aliposema kuiga COMMIT, maana wengi huiga nusu ya kwanza na kuiacha ya pili, na ya pili ndiyo yenye roho ya jambo.

Fikiria hivi. Draiva inatuma WRITE tatu, daimoni inajibu "nimepokea" zote tatu. Data iko kwenye kashe ya seva. Seva inazimika, inawaka baada ya dakika moja. Draiva inaunganisha tena TCP, inatuma COMMIT. Daimoni mpya inafungua faili, inaita fsync, inafanikiwa, kwa sababu hakuna cha kushusha! Inajibu 0. Data imepotea na kila mtu amesema ukweli wake.

NFS hulizuia hili kwa baiti 8 ambazo seva huzichagua inapowaka. Tuziite namba ya kuwaka. Kila jibu la WRITE linabeba namba hiyo, na jibu la COMMIT nalo linaibeba. Draiva inalinganisha. Zikitofautiana, maana yake seva iliwaka upya katikati, na kila WRITE ambayo haijathibitishwa itumwe upya, kisha COMMIT tena. Kinachofuata hapo ni kanuni isiyo na msamaha: draiva HAIRUHUSIWI kufuta bafa baada ya WRITE kujibiwa. Inafuta baada ya COMMIT yenye namba ile ile. Ili kumbukumbu isijae weka kikomo, mfano MB 8 kwa faili. Ikifika hapo draiva ijitumie COMMIT yenyewe bila kusubiri programu.

Namba itoke wapi? Wengi huweka saa ya kuwaka kwa sekunde. Kwenye seva yenye betri ya saa ni sawa. Kwenye Raspberry Pi 3 au 4, ambazo hazina saa yenye betri, ni mtego. Mfumo wake ukitumia fake-hwclock huhifadhi saa kwenye faili kila baada ya saa moja na wakati wa kuzima kwa utaratibu. Umeme ukikatika, kifaa kinawaka na saa ile iliyohifadhiwa mwisho. Umeme ukikatika mara mbili ndani ya saa moja, daimoni huwaka mara zote mbili ikiamini ni sekunde ile ile, au karibu yake, mpaka mtandao uje kurekebisha saa. Namba zikilingana, draiva inadhani hakuna kilichotokea. Tumia getrandom() (namba za nasibu kutoka kwa kerneli) kwa baiti 8, uachane na saa kabisa.

Na fsync ya seva ikishindwa, badilisha namba hapo hapo hata kama haijawaka upya. nfsd, seva ya NFS ya Linux, hufanya hivyo, ili wote wenye data isiyothibitishwa waitume tena.

Karani_wa_Mizani

Nimeshika. Nimeandika hii, naomba mnikague:

```
static int gh_fsync(const char *njia, int data_tu,
                    struct fuse_file_info *fi)
{
    struct mshiko *m = (struct mshiko *)(uintptr_t)fi->fh;
    tuma_bafa(m->faili);
    futa_bafa(m->faili);
    return -omba_commit(m->faili, data_tu);
}
```

Data_tu ikiwa si 0 daimoni inaita fdatasync.

Shangani_Kerneli

fdatasync ni sawa, ukubwa wa faili ukibadilika nayo inaushusha. Lakini kuna makosa matatu.

Moja, tuma_bafa inarudisha kitu na hukiangalii. Diski ya seva ikijaa, ENOSPC (nafasi imekwisha) inakuja hapo na wewe unaipita.

Mbili, unafuta bafa kabla ya COMMIT. Ndanda_Seva amelieleza.

Tatu ndilo la kuogopa zaidi, kwa sababu litafanya kazi vizuri kwenye majaribio yote. Unachukua namba ya kosa kutoka kwa daimoni na kuirudisha kwa kerneli kama ilivyo. Siku utakayoweka draiva mpya kwenye mizani huku seva bado ina daimoni ya zamani isiyoijua COMMIT, itajibu nini? Kwa kawaida 38, "sina kazi hiyo". 38 kwenye Linux ni ENOSYS. Kerneli ikiiona hata mara moja inazima fsync kwa folda nzima mpaka umount. Utaboresha daimoni dakika kumi baadaye, ukaona kila kitu kiko sawa, kumbe fsync imezimwa na umerudi kule kule ulikotoka.

Andika hivi:

```
    struct faili *f = m->faili;
    int k = tuma_na_subiri(f);
    if (k == 0)
        k = commit_na_linganisha(f, data_tu);
    if (k == ENOSYS)
        k = EIO;
    if (k)
        andika_kosa(f, k);
    return -kosa_jipya(m);
```

andika_kosa inahifadhi kosa kwenye faili na kuongeza kihesabio. kosa_jipya inalinganisha kihesabio cha faili na kile ambacho mshiko huu ulikiona mwisho: vikitofautiana inarudisha kosa na kusogeza kihesabio cha mshiko, vikilingana inarudisha 0. Kwa njia hiyo programu mbili zilizofungua faili moja zote zitaambiwa, kila moja mara moja. Kerneli yenyewe hufanya hivyo tangu 4.13. Mwite kosa_jipya kwenye flush pia, maana WRITE inayotumwa nyuma ya pazia bafa ikijaa inaweza kushindwa wakati programu haipo kwenye fsync.

Nachingwea_Data

Na baada ya kosa, ile data isiyoshuka mnaifanyaje? Inatupwa au inabaki?

Shangani_Kerneli

Inabaki kwenye bafa, na fsync inayofuata inaijaribu tena. Ukiitupa, fsync ya pili haitakuwa na cha kutuma, itarudisha 0, na programu iliyojaribu mara mbili itaamini imefaulu. Watu wa PostgreSQL waligundua mwaka 2018 kwamba mifumo ya mafaili ya Linux hufanya hivyo: fsync ikishindwa mara moja, ya pili inasema sawa ingawa data haipo. Matoleo yao ya Februari 2019 yakaamua fsync ikishindwa, seva ya data ijisimamishe na kuanza upya kutoka kwenye kumbukumbu zake. Kwa hiyo daimoni yako nayo fsync ikiipa EIO (kosa la kusoma au kuandika) kutoka diskini, isiite mara ya pili ikaridhika. Ijibu kosa, ibadilishe namba ya kuwaka, draiva itume data upya.

Binti_Mikindani

Jina nalo lisisahaulike. fsync ya faili haihakikishi kwamba jina lake jipya limeshuka. Baada ya rename, daimoni ifungue folda kwa O_RDONLY|O_DIRECTORY, iite fsync juu yake, ndipo ijibu. Vivyo hivyo kwa kuunda na kufuta. NFS toleo la 3 hulazimisha hivyo, mabadiliko ya majina yashuke kabla ya jibu. Faida yake ni kwamba `.fsyncdir` yako inaweza kurudisha 0 bila kusema uongo, kwa sababu hakuna kilichobaki kushushwa.

Liwale_IT (Lindi)

Samahani kwa kuingilia kati. Si rahisi kutumia NFS yenyewe na kuachana na draiva?

Ndanda_Seva

Ni rahisi zaidi, na kama hakuna sababu maalumu ya draiva ningeshauri hivyo. Hakikisha mambo mawili tu. Kwenye /etc/exports iwe `sync`. Ndiyo ya kawaida katika matoleo yote baada ya nfs-utils 1.0.0, lakini seva nyingi utazikuta na `async` kwa sababu mtu alitaka kasi, na async hujibu COMMIT bila kushusha chochote. Kwa mteja weka `hard,timeo=600,retrans=2`. Kipimo cha timeo ni sehemu ya kumi ya sekunde, kwa hiyo 600 ni dakika moja; aliyeweka timeo=5 ameweka nusu sekunde. `soft` kwenye njia ya kuandika usiiguse, mtandao ukisuasua inairudishia programu kosa katikati ya faili.

Kwa Samba (kushirikisha mafaili kwa mtindo wa Windows) ni `strict sync = yes`, ya kawaida tangu 4.7. Tafuta kwenye smb.conf kama kuna `no` iliyobaki tangu zamani.

Karani_wa_Mizani

Sababu ya draiva ni kwamba inahakiki namba ya mkulima kabla ya kupokea faili, kwa hiyo itabaki. Nimeweka yote hayo. Sasa strace inaonyesha:

`fsync(7) = 0 <0.091914>`
`close(7) = 0 <0.000217>`
`rename(...) = 0 <0.058102>`

Nimejaribu kuua daimoni kwa kill -9 katikati ya kazi mara nyingi, hakuna faili linalopotea. Inatosha?

Binti_Mikindani

Hapana. kill -9 inaua daimoni, haiui kashe ya kerneli ya seva. Data iliyokwishapita write() itashuka hata daimoni ikifa. Umejaribu namba ya kuwaka, na ni vizuri, lakini fsync ya seva hujaijaribu kabisa. Hata ungeifuta kwenye daimoni jaribio hilo lingefaulu.

Weka daimoni ndani ya mashine ya QEMU (kompyuta ya kuigiza) na uue QEMU yenyewe. Hapo kashe ya kerneli ya ndani inakufa kweli. Upande wa mizani, programu ya majaribio iandike faili lenye namba mfululizo, na kila fsync na rename zikirudisha 0 itume namba hiyo kwa kompyuta ya TATU. Mashine ikiwaka, kila namba iliyoko kwenye kompyuta ya tatu lazima iwe na faili zima. Mafaili kuzidi namba si tatizo, namba kuzidi mafaili ndilo tatizo. Fanya na mtandao ukiwa mbovu kwa makusudi:

`tc qdisc add dev eth0 root netem delay 120ms 30ms loss 3%`

Kisha rudia kwenye seva halisi kwa kuchomoa waya wa umeme ukutani.

Ndanda_Seva

Waya wa umeme usiuruke, kwa sababu ya diski. Diski ina kashe yake, na baadhi ya maboksi ya USB hupokea amri ya kushusha na kuitupa. Pima kwenye seva:

`fio --name=jaribio --directory=/data --rw=write --bs=4k --size=64m --fsync=1`

Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika huchukua milisekunde 8.3 kwa mzunguko mmoja. Ikiwa kweli inashusha kila mara, hutapata zaidi ya 120 kwa sekunde, na kwa jarida la ext4 utapata pungufu ya hapo. Ukiona 3,000 kwenye diski ya kuzunguka, kuna kitu hapo katikati kinadanganya. Zima kashe kwa `hdparm -W0 /dev/sda` upime tena. Namba isiposhuka, toa diski kwenye boksi uiunganishe moja kwa moja kwa SATA.

Karani_wa_Mizani

Imetoa 71 kwa sekunde, SATA ya moja kwa moja. Nitafanya la QEMU na la waya kabla mizani haijafunguliwa.

Swali la mwisho. Yale mafaili yenye ukubwa 0 yaliyokwishatokea, kuna njia ya kuyarudisha?

Shangani_Kerneli

Kutoka diskini hakuna, data yake haikuwahi kuandikwa. Ila jina limebaki, na jina lina namba ya kupimia. Orodhesha:

`find /data/ghala -type f -size 0 -printf '%TY-%Tm-%Td %TH:%TM %p\n' | sort`

Usiyafute. Kila mstari wa orodha hiyo ni mkulima mmoja mwenye stakabadhi mkononi ambayo seva haiijui. Tafuta nakala ya stakabadhi ghalani kwa namba hiyo, ingiza uzito upya kwa mkono, watu wawili wakisoma, na faili likiandikwa ndipo lile tupu liondoke. Na angalia pia .tmp zilizobaki: zile zenye baiti 2,048 ni data nzima ambayo jina lake halikuwahi kubadilishwa.

Karani_wa_Mizani

Zipo .tmp nne zenye 2,048. Naanza na hizo.